Kabla Injini Haijawaka: Mafuta, Ukaguzi na Vijana Wanaotaka Urubani

Mhadhara wa wazi, Mwandoya, Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu



Nimeombwa nieleze jinsi kijana wa huku anavyoweza kuwa rubani. Nitalijibu swali hilo, lakini mwishoni na kwa ufupi. Sehemu kubwa ya muda wetu nataka tuitumie kwa mafuta. Mtu anaweza kuwa na akili nyingi, mikono myepesi na ada iliyolipwa yote, akaja kufa kwa sababu asubuhi hakufungua kifuniko cha tangi akatazama ndani.

Msibani kwa mtu aliyekufa kwa ajali, iwe ya basi, ya pikipiki au ya mtumbwi, utasikia watu wakisema ajali haina kinga. Maneno haya yanawapoza wafiwa, na pale msibani yana kazi yake. Yakitoka msibani yakaingia katika darasa la urubani, yanaua. Ndege inayoanguka kwa kuishiwa mafuta ilikuwa na kinga, na kinga hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, akiwa bado amesimama ardhini.

Anga ya Meatu si ngeni kwa ndege ndogo. Zinapita kuelekea Serengeti, zinatua kwenye viwanja vya udongo vya porini upande wa Makao na Pori la Akiba la Maswa, zinabeba watalii, zinahesabu wanyama, zinasaka majangili. Kwelea kwelea wakivamia mtama na mpunga katika mikoa yetu, ni ndege ndogo inayokwenda kunyunyiza dawa. Nyingi ya ndege hizo zina injini moja. Injini hiyo ikinyamaza, kinachobaki ni mabawa, upepo na uwazi wowote rubani atakaouona chini yake. Msimu wa pamba na mahindi, ukitazama kutoka juu, shamba lililolimwa kwa matuta linaonekana laini. Magurudumu yakiligusa ndipo rubani anapoyajua matuta.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilipitia ajali za ndege ndogo za nchini mwake kuanzia 2011 hadi 2015. Ikakuta kwamba ajali zinazotokana na usimamizi mbaya wa mafuta zilikuwa kwa wastani zaidi ya 50 kila mwaka, na kwamba karibu zote zilitokana na mtu, si na chombo. Walipotazama marubani wenyewe walikuwa nani, wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu. Karibu nusu walikuwa na leseni ya biashara au leseni ya juu zaidi ya hiyo.

Yafikirieni mahesabu hayo. Mwanafunzi, ambaye hajui kitu, ni nadra kuishiwa mafuta. Mwenye leseni ndiye anayeishiwa. Sababu yake ni kwamba mwanafunzi anapima. Mkufunzi amemsimamia, naye anaogopa, kwa hiyo anapanda ngazi, anafungua kifuniko, anachovya kijiti cha kupimia, anaandika. Siku anayopata leseni hakuna tena anayemsimamia. Anaanza kutazama geji peke yake. Baada ya miaka anaanza kuamini kumbukumbu yake ya jana. Shule nzuri ya urubani naipima kwa jambo hilo: je, inamfundisha mtu kupima mafuta kwa ajili ya siku ya mtihani, au inamjenga awe anapima hata miaka ishirini baadaye, akiwa peke yake kwenye kiwanja cha udongo, jua linazama na abiria wananung'unika?

Ndege ya kujifunzia iliyoenea sana duniani ni Cessna 172. Mabawa yake yako juu, na tangi moja liko katika kila bawa. Toleo lake la karibuni linabeba lita 212, lakini katika hizo ni kama lita 200 tu zinazoweza kutumika. Zilizobaki zinakaa chini ya tangi mahali ambapo bomba halizifikii. Ndani ya kila tangi kuna kiboya kinachopanda na kushuka na mafuta, nacho ndicho kinachosukuma mshale wa geji. Ndege ikiyumba, kiboya kinayumba. Ikisimama kwenye mteremko, tangi moja litasoma zaidi na jingine pungufu. Sheria za utengenezaji wa ndege hizi zinaitaka geji, kuliko kitu kingine chochote, isome sifuri pale mafuta yanayotumika yanapokwisha. Katika nafasi iliyo kati ya sifuri na kujaa, geji ni shahidi wa kusikilizwa tu. Kijiti ndicho chenye neno la mwisho.

Kuna msiba mmoja ambao watu wa pwani yetu hawajausahau. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 961, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilikuwa Boeing 767, ndege kubwa, lakini somo lake linamhusu mwenye Cessna vilevile. Vijana watatu waliiteka wakamwamuru rubani, Kapteni Leul Abate, awapeleke Australia. Kapteni akawaambia mafuta hayatoshi, kwa kuwa yamepakiwa ya kufika Nairobi na akiba yake. Hawakumwamini. Walikuwa wamesoma katika jarida lililokuwa ndani ya ndege kwamba ndege ya aina ile inaweza kuruka saa nyingi bila kutua, na jarida halikuwa limesema uongo. Ndege ya aina ile inaweza, tangi likiwa limejaa. Siku ile halikuwa limejaa.

Kapteni alifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, kisha akageukia Visiwa vya Ngazija. Injini moja ikazimika, halafu ya pili. Akaishusha baharini karibu na ufukwe, kaskazini mwa kisiwa kikubwa cha Ngazija, ikavunjika vipande. Ndani yake walikuwamo watu 175, walikufa 125. Mmoja wao alikuwa Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix hapo Dar es Salaam mwaka 1963, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 ziliuamsha ulimwengu. Watekaji walichanganya vitu viwili ambavyo hata marubani wenye leseni huvichanganya: kiasi ambacho tangi linaweza kubeba, na kiasi kilichomo. Kitabu cha ndege kitakueleza la kwanza. La pili hakuna kitabu kinacholijua.

Ninyi wa bodaboda mnaijua koki ya rizavu. Pikipiki ikianza kukohoa njiani kutoka Mwanhuzi, unainama, unageuza koki, unaendelea hadi kwa muuza mafuta ya chupa. Ndege ndogo haina koki hiyo. Akiba ya ndege ni dakika ambazo rubani ameamua, kabla ya kuruka, kwamba hatazigusa. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ndogo inayoruka kwa kuona ardhi ifike inakokwenda ikiwa bado na mafuta ya dakika 30 mchana, na dakika 45 usiku. Kwa maoni yangu dakika 30 ni chache mno kwa nchi yetu, ambako kiwanja kinachofuata kinaweza kuwa mbali na hakina mafuta. Mwanafunzi wa Tanzania nisingemruhusu aondoke bila akiba ya saa nzima.

Tuchukue safari ya kweli tuipigie hesabu. Kutoka Mwanza hadi Arusha kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 420. Cessna 172 inakwenda kama kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo bila upepo ni saa mbili na dakika chache. Injini ikiwa imerekebishwa vizuri inakula kama lita 34 kwa saa. Mwanafunzi anaandika lita 71, anafurahi. Lakini upepo wa huku kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini mashariki, nao utampiga usoni. Ukiwa wa kilomita 35 kwa saa, mwendo wake juu ya ardhi unashuka hadi kama 165, na safari inapita saa mbili na nusu. Sasa zinahitajika kama lita 86. Ongeza lita 6 za kuwasha, kutembea uwanjani na kuondoka. Ongeza lita 10 za kwenda Kilimanjaro endapo Arusha kumefunga mawingu. Ongeza saa moja ya akiba, lita 34. Jumla ni 136. Safari iliyokuwa ya lita 71 imekaribia kuwa mara mbili yake, na bado sijasema neno juu ya radi za Ziwa Victoria, ambazo zinamlazimisha mtu kuzunguka.

Iko hesabu nyingine ambayo mwanafunzi aliyejifunzia Dar es Salaam hukutana nayo akija kwetu. Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na mchana wa joto inazidi kuwa nyepesi. Ndani ya ndege kuna kishikio chekundu cha kurekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Rubani akikisahau, injini inaendelea kumiminiwa mafuta kama vile iko ufukweni, na ulaji unaweza kupita lita 40 kwa saa. Hatasikia kelele yoyote. Ataiona tofauti saa ya pili, kwenye geji, ikiwa bado anaitazama.

Mtu atauliza: kwa nini basi asijaze matangi yote kila siku, tukayamaliza? Swali zuri, na jibu lake ni uzito. Cessna hiyo hairuhusiwi kuruka ikiwa na zaidi ya kilo 1,157. Yenyewe tupu ni kama kilo 760. Lita 200 za petroli ya ndege ni kilo 144. Zinabaki kama kilo 250 za watu na mizigo, yaani watu wazima watatu na begi moja. Viti viko vinne. Akija jamaa wa nne, rubani ama amwache, ama apunguze mafuta. Na jamaa wa nne huwa na maneno: ana mgonjwa, ana mkutano, ana undugu na mwenye ndege. Kinachoachwa ardhini huwa mafuta, kwa sababu mafuta hayalalamiki. Ukitaka kumjua rubani aliyekomaa, mtazame siku anayomwambia mkubwa wa watu kwamba leo hatapanda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mikono yenu ninyi wa huku inalifahamu kuliko mikono ya watu wa mjini: mafuta machafu. Mnakumbuka miaka ile petroli na dizeli zilivyochakachuliwa kwa mafuta ya taa nchi nzima, magari yakafia njiani, mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Ndege nayo inachakachuliwa, tena mara nyingi bila hila ya mtu. Ndege ya injini ya pistoni, kama hiyo ya kujifunzia, inatumia petroli maalumu ya ndege, ambayo imetiwa rangi ya buluu. Ndege kubwa za jeti, na hata zile za panga boi zinazotua Mwanza, zinatumia Jet A-1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Petroli ya ndege ni adimu na ghali katika Afrika Mashariki. Nyingi husafirishwa na kuhifadhiwa kwa mapipa. Pipa likibadilishwa, au mhudumu akiona ndege akadhani zote ni moja, injini ya pistoni inanyweshwa mafuta ya jeti. Itawaka. Itatembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba. Pengine itaondoka. Halafu itazimika ikiwa juu ya paa za nyumba.

Ukaguzi wake ni rahisi mno kiasi kwamba watu wanaudharau. Chukua tone la mafuta, liweke kwenye karatasi nyeupe, ngoja. Petroli ya ndege itakauka isiache kitu. Mafuta ya jeti yataacha duara la mafuta kama karatasi ya maandazi. Nusa pia. Pua ya mtu aliyelelewa na kibatari haidanganyiki kwa mafuta ya taa.

Adui mkubwa zaidi ni maji. Yanaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mvua, kupitia kifuniko ambacho mpira wake umepasuka kwa jua. Ya pili ni usiku wenyewe: tangi likilala nusu, hewa yenye unyevu iliyo ndani inapoa na kutoa matone kwenye kuta zake. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu kama 720 na ya maji gramu 1,000, kwa hiyo maji yanakwenda chini, pale pale bomba linapoanzia. Ndiyo maana ndege ina koki ndogo chini ya matangi na chini ya injini. Toleo jipya la Cessna 172 lina koki 13. Mwanafunzi anachukua kichupa kirefu cha plastiki kinachopitisha mwanga, anakisukuma juu kwenye koki, mafuta yanachuruzika ndani, anakiinua kwenye mwanga wa asubuhi. Kama kuna maji atayaona yamejikusanya chini kama shanga, yakitembea anapokiinamisha kichupa. Anamwaga, anachukua tena, mpaka yaishe. Kisha anatikisa bawa taratibu ili maji yaliyojificha pembeni yateremke, anachukua tena.

Hapa kuna mtego, naomba muushike. Maji yakiwa mengi mno, kichupa kizima kinajaa maji matupu. Hakuna shanga, hakuna mstari wa kutenganisha vitu viwili, kinachoonekana ni kimiminika safi kabisa. Mwanafunzi mwenye haraka atasema mafuta ni masafi. Mwenye macho atajiuliza: buluu iko wapi? Atamimina tone kwenye kiganja. Petroli itampa baridi na kupotea mara moja. Maji yatabaki pale pale. Koki 13, kila moja nusu dakika, hazizidi dakika kumi. Mtu anayesema hana dakika kumi asubuhi asipewe ndege.

Niongeze na hili kwa wanaojaza kwa madumu porini. Mafuta yakipita kwenye plastiki yanazalisha umeme tuli, na cheche yake inatosha kuwasha ndege, dumu na mshika dumu. Waya wa kuunganisha ndege na pipa na ardhi unafungwa kwanza, kifuniko kinafunguliwa baadaye. Chujio halirukwi hata siku moja.

Mafuta yanaweza kuwamo, masafi, ya kutosha, na bado injini ikafa kwa kiu. Mfano wake mkubwa ametupa mwanamke aliyekulia Njoro, katika Bonde la Ufa la Kenya. Beryl Markham alijifunza kuruka Nairobi kwa Tom Campbell Black. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuvuka Bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, dhidi ya upepo. Aliruka zaidi ya saa 20. Alipofika Nova Scotia, Kanada, injini ikanyamaza, akaishusha ndege yake ya Vega Gull kwenye kinamasi, pua ikazama matopeni, akatoka na jeraha la kichwa. Matundu ya hewa ya matangi yalikuwa yameziba kwa barafu. Mafuta hayawezi kutoka kwenye tangi kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Anayetoboa kopo la maziwa tundu moja tu anaijua shida hiyo.

Mtasema Meatu hakuna barafu. Ni kweli, ila nyigu wapo. Nyigu wa udongo anatafuta tundu lolote lenye ukubwa wa kidole, analijaza udongo, anataga. Bomba la hewa la matangi ya Cessna 172 linachungulia chini ya bawa la kushoto, karibu na mhimili, nalo lina ukubwa anaoupenda. Bomba la kupima mwendo, lililo mbele ya bawa hilo hilo, nalo linamfaa. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya shirika la Birgenair ilianguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika wakafa watu wote 189. Bomba lake la kupima mwendo lilikuwa limeziba, na wachunguzi waliona mshukiwa mkuu ni nyigu. Ndege iliyolala siku chache porini inakaguliwa kila tundu, kwa kidole na kwa kurunzi. Marubani wa mbugani huizungushia boma la miiba pia, kwa kuwa fisi hutafuna matairi.

Injini inaweza kufa kwa kiu pia kwa sababu ya swichi ya tangi. Mwimbaji John Denver, ambaye nyimbo zake zinapigwa redioni kwetu hata leo, alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 huko California akirusha ndege ndogo iliyokuwa mpya kwake. Swichi ya kubadilishia tangi ilikuwa nyuma ya bega lake la kushoto, mahali asipoweza kuifikia bila kujipinda. Fundi alimwambia mafuta ni machache, akajibu anaruka kama saa moja tu. Kila rubani ajue, macho yamefumbwa, mkono wake utaikuta wapi swichi ya tangi. Kwa hili sina zaidi.

Mtego mwingine ni vipimo. Mafuta yanauzwa kwa lita. Kitabu cha ndege ya Marekani kinahesabu kwa galoni za Marekani, lita 3.785. Kitabu cha zamani cha Uingereza kina galoni ya lita 4.546. Uzito unaandikwa kwa pauni, mizani ya hapa inasoma kilo. Rubani wa Afrika Mashariki anaishi katikati ya vipimo hivyo vyote. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, ilitakiwa kuwa na kilo 22,300 za mafuta kwenda Edmonton. Geji zilikuwa mbovu, kwa hiyo walipima kwa kijiti, wakapata lita, wakazizidisha kwa 1.77. Kigezo hicho kinatoa pauni. Cha kilo ni kama 0.8. Wakaondoka na chini ya nusu ya walichodhani wanacho. Walipotua Ottawa njiani walipima tena, kwa kigezo kile kile, wakarudia kosa lile lile. Injini zote mbili zilizimika angani juu ya Kanada, na Kapteni Bob Pearson akaielekeza kimya kimya kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Hakufa mtu, na ufundi wake unasifiwa hadi leo.

Mimi nawafikiria wale waliokuwa pale chini. Hesabu ile ilipita mikononi mwa watu kadhaa, wote wenye kazi zao, na kila mmoja aliiamini kwa sababu aliyemtangulia alikuwa ameiamini. Hilo linatugusa sisi hasa. Tumelelewa kumheshimu mkubwa, na ni malezi mema. Lakini darasa la urubani lazima lifundishe namna ya kumheshimu mwalimu na wakati huohuo kumwambia: "Shikamoo mwalimu, samahani, tangi la kulia sijalipima, siwezi kuwasha." Na mwalimu anayestahili jina hilo atajibu: "Marahaba, nenda kapime," asimkaripie. Akimkaripia, amemfundisha kunyamaza, na kunyamaza huko kutamfuata mpaka kwenye kiti cha kapteni.

Ukaguzi wa kusoma kwenye karatasi, kipengele baada ya kipengele, nao ulizaliwa kwa msiba. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Ohio, Boeing walileta ndege mpya ya kivita ijaribiwe. Ikapaa, ikasimama hewani, ikaanguka. Kifungo kinachozuia mkia usipeperushwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa kilisahaulika bila kufunguliwa. Aliyekuwa akiirusha, Meja Ployer Hill, alikuwa miongoni mwa marubani bora wa jeshi lao. Wenzake hawakutafuta rubani hodari kumzidi. Waliandika orodha kwenye kadi. Kadi hiyo ndiyo mwanafunzi wa leo anayoishika, na asione haya kuisoma kwa sauti hata akiwa ameikariri.

Sasa lile swali la vijana. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka, au 35 kwa chuo kilichoidhinishwa. Ya biashara inataka miaka 18 na saa 200, au 150 kwa mafunzo ya mfululizo yaliyoidhinishwa. Anayetoa leseni hapa nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na cheti cha daktari lazima kitangulie. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, kimejengewa uwezo wa kufundisha marubani kupitia mradi wa EASTRIP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wengi bado wanakwenda Uwanja wa Wilson, Nairobi, au Afrika Kusini. Hisabati mliyoiona leo, ya kuzidisha, kugawanya na kubadili vipimo, ni ya kidato cha pili. Asiwadanganye mtu kwamba ni ya watoto wa mjini peke yao.

Kwa wazazi mtakaouza ng'ombe au kukusanya hela ya pamba ya misimu kadhaa kulipa ada hiyo, nina ombi. Kabla hamjalipa, nendeni chuoni wenyewe, alfajiri, bila kutoa taarifa. Simameni pembeni ya kiwanja mtazame wanafunzi wanavyoandaa ndege. Mkiona wanapanda kwenye bawa na kijiti, wanainama na vichupa, wanainua mwangani, wanaandika, na mkufunzi anangoja bila kusonya, mpeni mtoto wenu baraka zote. Mkiona wanaingia, wanawasha na kuondoka, rudini na fedha yenu Meatu.